Anaposimama Dede Saa Nane Usiku: Mwongozo Kamili wa Ukuaji wa Mwili na Usingizi wa Mtoto

Binti yangu alikuwa anakaribia miezi tisa, na kwa majuma kadhaa alikuwa ametupa usiku wa kujivunia. Kisha usiku mmoja, saa nane, nikasikia kilio nisichokijua. Hakikuwa cha njaa wala cha nepi. Nilimkuta amesimama dede kitandani mwake, vidole vimeng'ang'ania ubao wa juu, magoti yanatetemeka, macho yamefumba nusu. Nikamlaza. Kabla sijaufikia mlango, kasimama tena. Nikamlaza, akasimama. Tulifanya hivyo mara kumi na moja, nilihesabu. Mara ya kumi na mbili nilikaa sakafuni nikamtazama tu, ndipo nikagundua kilichokuwa kinamliza: alijua kupanda, hakujua kushuka. Alikuwa amekwama juu ya miguu yake mwenyewe na usingizi unamlemea.

Dawa ya usiku ule tuliitengeneza mchana, kwa siku tano hivi, na nitaieleza mbele. Nimeitanguliza kwa sababu ndiyo njia inayofuatwa katika mwongozo huu wote. Usingizi wa mtoto mwenye afya njema ukivurugika ghafla, usikimbilie kuyalaumu maziwa au kupangua ratiba. Uliza kwanza: mwili wake unajifunza nini wiki hii?

Kama mtoto wako ni njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyewahi kwa miezi miwili, akitimiza miezi sita msome kama wa miezi minne. Wazazi wengi wa watoto njiti hujitesa kwa kumlinganisha mtoto na umri ambao mwili wake haujaufikia.

Hatua ya kwanza: andika siku tatu

Chukua daftari ulilaze karibu na kitanda. Kumbukumbu ya mtu aliyekesha haiaminiki. Mimi niliapa kwamba mtoto anaamka mara sita kila usiku, daftari likasema tatu.

Andika alipolala, alipoamka, na ulimkuta katika mkao gani. Kisha andika lile ambalo karibu kila mtu husahau: jambo jipya alilofanya mwili wake mchana. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

*Jumatatu. Usingizi wa mchana wa pili amekataa. Dakika 40 yuko juu ya mikono na magoti, anayumba mbele na nyuma. Usiku: kaamka saa tano na saa tisa, mara zote nimemkuta kapiga magoti. Hakutaka kunyonya.*

Mstari huo wa mwisho ndio wenye jibu. Mtoto aliyeamka kwa njaa hunyonya kwa bidii. Aliyeamshwa na mwili wake hunyonya kidogo, anageuza kichwa, anataka kuendelea na kazi yake. Baada ya siku tatu utaona mkondo, na mara nyingi usiku mbaya hufuata mchana wenye jambo jipya.

Daftari hukuonyesha pia kinyume chake, yaani siku ambazo mtoto analala kupita kiasi. Mwaka 2011 Michelle Lampl wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, na mwenzake walichapisha utafiti uliotegemea kumbukumbu za namna hii: wazazi wa watoto 23 waliandika usingizi wote, na urefu wa watoto ukawa unapimwa mara kwa mara. Vipindi vya kulala zaidi ya kawaida vilifuatwa na kuongezeka urefu, mara nyingi ndani ya saa 48. Kwa hiyo mtoto anayelala siku mbili usingizi wa pono, lakini akiamka ananyonya vizuri na amechangamka, huenda anarefuka. Asiyeamshika, au akiamka amelegea na hataki kunyonya, huyo mpeleke hospitali bila kungoja daftari lijae.

Hatua ya pili: jua usingizi wake umejengwaje

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 14 hadi 17 kwa siku kwa mtoto wa miezi 0 hadi 3, saa 12 hadi 16 kwa wa miezi 4 hadi 11, na saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja hadi miwili, usingizi wa mchana ukiwemo. Tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa, kwa hiyo usiyageuze masaa hayo kuwa mtihani.

Kilicho muhimu zaidi ni namna usingizi huo unavyopangika. Duru moja ya usingizi wa mtoto mchanga, yaani mzunguko wa kuzama usingizini hadi kurudi karibu na kuamka, huchukua dakika 50 hadi 60 hivi, na karibu nusu yake ni usingizi wenye shughuli nyingi. Macho yanazunguka chini ya kope, midomo inatabasamu kisha inakunja, anaguna, vidole na miguu vinarukaruka. Mark Blumberg wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ametumia miaka mingi kuchunguza mirukoruko hii, na hoja yake ni kwamba kila kiungo kinaporuka hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo unajifunza kiungo gani kiko wapi. Yaani mtoto anaujifunza mwili wake hata akiwa amelala.

Hapo pana kosa ambalo nililifanya kwa mtoto wa kwanza kila usiku: nilimnyanyua akiwa bado amelala. Akiguna, mimi huyo nimeshamshika, na hapo ndipo anaamka kwelikweli. Kwa hiyo akitoa sauti, simama kwanza. Tazama macho. Yakiwa yamefumba na sauti haipandi, subiri dakika moja au mbili, mkono wako ukae kwako. Akilia kweli, mchukue. Kumsubirisha mtoto mchanga anayelia hakumfundishi kulala.

Kati ya mwezi wa tatu na wa nne ubongo hubadilisha mpangilio huu. Usingizi unagawanyika katika ngazi zinazofanana na za mtu mzima, na mwishoni mwa kila duru mtoto anakaribia kuamka kabisa. Aliyekuwa anapitiliza duru mbili bila habari sasa anafumbua macho baada ya duru moja na kutazama dari. Watu husema usingizi umerudi nyuma. Silipendi jina hilo, kwa sababu kinachotokea ni kukua, na mpangilio wa zamani haurudi. Ukifika hapo, fanya mambo mawili tu. Kwanza, walau mara moja kwa siku, mlaze akiwa katika mang'amung'amu, macho mazito lakini hajazama, ili akifumbua macho kati ya duru aikute hali ileile aliyoiacha. Pili, kuwa mvumilivu kwa usingizi mfupi wa mchana, maana kuunganisha duru mchana huchelewa, kwa watoto wengi hadi baada ya nusu mwaka.

Hatua ya tatu: miezi mitatu ya mwanzo, usipigane na mwili

Katika kipindi hiki ukuaji uko juu kuliko utakavyokuwa tena maishani. Mtoto hufikisha uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa karibu na mwezi wa tano, na mara tatu akikaribia mwaka. Tumbo ni dogo, maziwa yanasagika upesi, kwa hiyo kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku ni kawaida, na sehemu ya hesabu hiyo lazima iangukie usiku. Anayekuahidi mtoto wa wiki sita alale usiku kucha anakuuzia kitu.

Saa ya mwili pia haijaanza kwenda. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kupanda na kushuka kwa mpango katika mwezi wa pili na wa tatu. Unaweza kuisaidia. Asubuhi fungua madirisha, ongea kwa sauti ya kawaida, usiifanye nyumba iwe kimya mchana. Usiku tumia taa hafifu, usimchekeshe, badilisha nepi ikibidi tu. Maziwa ya mama ya usiku yana melatonini ndani yake, ya mchana hayana kiasi hicho, kwa hiyo mama anayekamua afadhali aandike saa kwenye chupa.

Sasa kugutuka. Umemlaza taratibu, ghafla mikono inafunguka kama anayedondoka mtini, halafu kilio. Mwili wake unajibu hisia ya kichwa kuachiwa, na jibu hilo hufifia kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Fanya hivi: inama mpaka kifua chako kiwe karibu kabisa na godoro, tanguliza makalio yaguse, fuatisha mgongo, kichwa kiwe cha mwisho. Usiondoe mkono mara moja. Uache kifuani mwake uhesabu hadi ishirini, kisha uuinue kidogokidogo, kiganja kwanza, vidole mwisho. Inachosha mgongo, ila inafanya kazi.

Kumviringisha mtoto kwa nguo nyepesi hupunguza kugutuka, na mimi nilitumia njia hiyo. Masharti ni machache lakini hayana mjadala: awe chali, nguo isipande usoni, kifua kiweze kupanda na kushuka, na nyonga ziwe huru kiasi cha miguu kukunjika na kufunguka kama ya chura. Kuinyoosha miguu na kuibana kunaweza kuharibu kiungo cha nyonga.

Na kucheua? Mlango wa juu wa tumbo bado umelegea, kwa hiyo maziwa hurudi. Mshike wima dakika 15 hadi 20 baada ya kunyonya kabla ya kumlaza. Usiinue upande mmoja wa godoro wala usiweke mto. Mtoto huteleza, shingo ikajikunja, na njia ya hewa ikabanwa. Kwa sababu hiyohiyo, akisinzia kwenye kiti cha gari au bembea, mhamishie mahali tambarare ukifika. Shingo isiyo na nguvu huangusha kidevu kifuani.

Hatua ya nne: anapojigeuza

Kabla ya chochote: mtoto hulazwa chali, usiku na mchana, juu ya godoro gumu na tambarare, bila mto, bila blanketi lililolegea, bila midoli. Marekani ilianzisha kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikashuka kwa zaidi ya nusu. Hakuna mbinu yoyote ya usingizi, hata itamu namna gani, inayostahili kubadilishana na hilo. Kochi ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kusinzia na mtoto kifuani. Ukihisi usingizi ukiwa umekaa pale, inuka.

Watoto wengi huanza kujigeuza kati ya mwezi wa nne na wa sita, wengine mapema. Siku utakayomwona anatupa nyonga upande mmoja kana kwamba anafungua mlango kwa kiuno, hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kumviringisha. Usingoje ageuke kweli. Mtoto aliyefungwa mikono akiangukia kifudifudi hawezi kujinasua. Kabla ya siku hiyo, ukiwa na muda, anza kwa kutoa mkono mmoja; dalili hiyo ikishaonekana, toa yote miwili, na jiandae kwa usiku mbili tatu za vurugu.

Tatizo la kawaida ni mtoto anayejua njia moja tu. Anajipindua kutoka chali hadi kifudifudi, kisha analia kwa kuwa hajui kurudi. Usiku mrudishe chali kimyakimya, bila mazungumzo. Mchana mfundishe. Mlaze kifudifudi akiwa macho, vuta mkono mmoja chini ya kifua chake, kisha ita jicho lake kwa mdoli unaoupeleka pole kutoka mbele hadi juu ya bega. Kichwa kikifuata, uzito unahama, na mwili unapinduka. Mwanzoni atashangaa. Rudia upande wa pili, maana wengi hupendelea mmoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau dakika 30 za kulalia tumbo kwa siku, zikigawanywa, kwa mtoto ambaye bado hajaanza kwenda. Anayezichukia aanze juu ya kifua cha mzazi aliyelala nusu wima, dakika mbili mbili.

Akishajua kugeuka kwenda na kurudi, mlaze chali kama kawaida, na akichagua mwenyewe kugeukia tumbo, mwache. Mimi nilitumia usiku mbili nikimpindua mtoto kila dakika kumi kabla ya mkunga mmoja mzee kuniambia, "Mwanangu, mmoja wenu alale." Kwa kuwa kitanda hakikuwa na mto wala blanketi, alisema kweli.

Hatua ya tano: kukaa, kutambaa, kusimama

Hapa ndipo penye usiku mgumu kuliko wote, na nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vipimo vya ukuaji wa viungo kutoka nchi kadhaa. Watoto wenye afya walikaa bila kushikwa kuanzia miezi 3.8 hadi 9.2, walitambaa kwa mikono na magoti kuanzia 5.2 hadi 13.5, walisimama kwa kushikilia kuanzia 4.8 hadi 11.4, na walitembea peke yao kuanzia 8.2 hadi 17.6. Angalia upana wa nafasi hizo kabla hujamsikiliza jirani. Takriban asilimia 4 ya watoto hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, na walitembea kama wenzao.

Anat Scher na Dina Cohen wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israeli, waliwafuatilia watoto waliokuwa wanaingia katika kutambaa. Kuamka usiku kuliongezeka kutambaa kulipoanza, kisha kukatulia baada ya miezi michache. Miezi, si siku. Nilipolijua hilo nilivunjika moyo kwa dakika tano, halafu nikapumua, kwa sababu lilimaanisha kwamba sikuwa nimeharibu kitu.

Kwa nini kutambaa kuamshe mtu? Fikiria mtoto anavyofumbua macho kati ya duru. Zamani alikuwa amelala palepale, hana la kufanya, usingizi unamrudia. Sasa akijitikisa kidogo mwili unakumbuka kazi ya mchana, magoti yanaingia chini ya tumbo, na kabla ubongo haujajua kinachoendelea yuko juu. Umri huohuo, karibu na miezi minane, anaanza pia kuelewa kwamba ukitoka chumbani bado upo mahali fulani. Basi anaweza kusimama, na ana sababu ya kukuita.

Mchana mpe sakafu. Nafasi safi, pana, bila kiti cha kumfunga, kwa vipindi kadhaa kila siku. Mwili uliofanya mazoezi ya kutosha ukiwa macho una deni dogo usiku. Lakini nusu saa ya mwisho kabla ya kulala iwe ya upole: kuoga, kunyonya, kitabu, wimbo uleule. Ukimsimamisha na kumshangilia saa moja usiku, usishangae akitaka makofi saa nane.

Sasa kumfundisha kushuka. Chagua muda ameamka vizuri na ameshiba.

Mweke mbele ya kitu kizito kisichosogea, chenye kimo cha kifua chake, ajivute mwenyewe asimame. Piga magoti nyuma yake. Weka mdoli sakafuni kando ya mguu wake, si mbele, umbali ambao akinyoosha mkono anakaribia kuugusa lakini haugusi. Atang'ang'ania kwa mkono mmoja na kushusha mwingine. Hapo ndipo magoti yanapotakiwa kukunja nayo yanakataa, yamekaza kama miti. Weka vidole viwili nyuma ya kila goti uyasukume mbele kidogo tu. Yatalegea, naye ataketi juu ya paja lako ulilolitega chini yake. Sema neno moja kila mara, "chini" au "shuka", lolote lakini lisibadilike.

Fanya hivyo mara nane hadi kumi asubuhi, na mara nyingine alasiri. Siku ya tatu ondoa paja. Siku ya nne au ya tano rudia mazoezi ndani ya kitanda chake mwangaza ukiwepo. Usiiruke sehemu hii, kwani godoro, hata likiwa gumu, hubonyea kidogo na ubao wa kushika uko kimo kingine, na kwa mtoto hilo ni somo jipya kabisa. Wangu alijua kushuka kwenye kochi siku mbili kabla hajajua kushuka kitandani.

Usiku akisimama, mpe dakika kidogo uone kama ataketi. Akikwama, ingia gizani, gusa nyuma ya magoti, sema "chini". Mwishie kwenye kuketi. Usimbebe kutoka kusimama hadi kulala moja kwa moja, kwa sababu ukifanya hivyo unamnyima hatua anayoihitaji. Kutoka kuketi, wengi huangukia ubavu wenyewe usingizi ukiwazidi. Kama haketi wala halali, kaa karibu, weka mkono chini kwenye godoro ugongegonge taratibu. Macho yake yakifuata mkono, mwili nao unashuka. Na usigeuze kuwa mchezo. Mtoto akigundua kwamba kila akisimama baba anatokea kama chemchemi, amepata burudani ya bure.

Kitanda nacho kinakua na mtoto. Vitu vinavyoning'inia juu yake viondoke mara anapoweza kujiinua kwa mikono na magoti, jambo linaloweza kuanza mwezi wa tano. Godoro lishushwe ngazi moja akianza kukaa, na liwe chini kabisa kabla hajajivuta kusimama. Kabla, narudia, kwa kuwa huwezi kujua ni usiku gani.

Meno

Jino la kwanza hutokea karibu na mwezi wa sita, kwa wengine mapema au baada ya mwaka, na yote 20 huwa yametoka karibu na umri wa miaka mitatu. Kwa muda mrefu hivyo, usiku wowote mbaya utapata jino la kusingizia. Ukweli ni kwamba usumbufu wa jino moja ni wa siku chache kabla na baada ya ufizi kupasuka. Juma la nne la kukesha lina sababu nyingine. Mpe kitambaa safi kilicholoweshwa na kupozwa atafune, usimvishe mkufu wowote, na jihadhari na jeli za ufizi zenye benzokaini, dawa ya ganzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2018 zisitumike kwa watoto walio chini ya miaka miwili. Homa ya nyuzi 38 au zaidi si ya meno.

Usiku ambao hautokani na ukuaji

Mpeleke kwa mtaalamu wa afya akikoroma usiku mwingi, akihema kwa shida, au akilala kichwa amekitupa nyuma kutafuta hewa. Mtoto mchanga husita kupumua kwa sekunde tano hadi kumi kisha akaendelea, na hilo ni la kawaida. Kusita kwa sekunde 20, au midomo kugeuka rangi, ni dharura. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu nayo ni dharura, hata kama anaonekana mzima.

Baada ya miezi sita, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana. Mtoto anayehangaika usiku kucha, anayerusha miguu, na aliyepauka, omba apimwe damu. Usimnunulie dawa ya chuma kwa kukisia, kwani ikizidi ni sumu.

Mwambie pia daktari, bila aibu, ikiwa shingo haijakaza kufikia miezi minne, hakai peke yake kufikia miezi tisa, hatembei kufikia miezi kumi na minane, au anatumia upande mmoja tu wa mwili. Na mtoto aliyekuwa anafanya jambo, kisha akaliacha kabisa, aonwe upesi katika umri wowote.

Hatua ya mwisho: kutembea, na usingizi mmoja wa mchana

Kutembea huleta vurugu ya aina nyingine. Mwili unachoka kweli, lakini kichwa hakitaki siku iishe. Utaona mtoto anayekwenda tete chumba kizima, anaanguka, anainuka, anafikicha macho, na bado anakukimbia ukisema kulala. Kwa kipindi hiki mlaze mapema kwa dakika 20 au 30. Uchovu uliopitiliza humfanya aamke zaidi, haumzamishi.

Kigari cha kumfundishia kutembea hakisaidii. Hakifundishi miguu kubeba uzito, na kimewaangusha watoto ngazini kiasi kwamba Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Mpe sakafu na samani imara za kushikilia, peku kama sakafu ni salama, na muda.

Muda wa kukaa macho huongezeka kadiri mwili unavyopata nguvu. Makadirio ambayo walezi hutumia, nayo hayakutoka maabara, ni kama saa moja kwa mchanga, saa mbili hivi kwa wa miezi minne au mitano, karibu saa tatu kwa wa miezi minane, na saa nne kwa anayekaribia mwaka. Usingizi wa mchana hupungua sambamba: mitatu, kisha miwili kati ya mwezi wa sita na wa tisa, kisha mmoja kati ya mwaka na mwaka na nusu.

Hapa wengi hudanganyika. Mtoto anaanza kutembea, anakataa usingizi wa pili kwa siku nne, mzazi anaufuta. Wiki inayofuata ni kilio kuanzia saa kumi alasiri. Kukataa kwa siku chache ni kelele za ujuzi mpya. Endelea kumpa nafasi ya kulala, chumba chenye giza, dakika 20 hadi 30, hata kama atakaa anazungumza na miguu yake. Akikataa wiki mbili mfululizo huku jioni yake ikiwa shwari, hapo usingizi huo umekwisha. Sogeza ule wa asubuhi mbele kwa dakika 15 kila siku mbili tatu mpaka ufike katikati ya mchana, na uvumilie siku ambazo atasinzia mezani, kijiko mkononi.